Nyasi za Kuanikia

Ishbel alifika na kapu la mashuka yaliyolowa, akakuta uwanja wa kijiji cha Inverlarroch umezungushiwa uzio. Tangu enzi za mabibi zao, wanawake walianika nguo kwenye nyasi hizo bila kumwomba mtu ruhusa.

"Rudi nyumbani, mama," alisema msimamizi wa mwenye ardhi. "Haya sasa ni malisho ya kondoo wa bwana."

"Nepi zako zilianikwa hapa hapa. Huyo bwana alikuwa wapi?"

Msimamizi akacheka.

Ishbel akatua kapu, akaikumbatia nguzo ya kwanza. Utomvu wa mti mbichi ulimganda viganjani. Aliitikisa kwa hasira mpaka ikang'oka.

"Nawaita polisi," msimamizi alisema, hacheki tena.

"Kawaite," alijibu Ishbel, akaiendea nguzo ya pili.