Mtoto Haondoki Hapa

"Mtoto haondoki hapa," mama alisema kabla hata ya kuitikia salamu.

Mshonaji alikuwa bado kwenye kizingiti cha ua, gari alilokuja nalo likinguruma nje. Alirudia taratibu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesema haondoki."

Hii ilikuwa mara ya tatu mshonaji wa barabara ya pili kuja kumwomba mama ampe mtoto. Mama alimkagua kuanzia viatu hadi kilemba, kama mtu anayetazama nyanya zilizolala sokoni. Mtoto wa pekee, aliyemlea kwa jasho lake bila msaada wa mtu, leo aende akatunzwe na mshona vifungo!

Mshonaji alivuka ua akiwa ameinua gauni lake jipya lisiguse mavi ya kuku. Akatafuta la kusema.

"Vitoto vya kuku vimekua, mama."

Mama akacheka kwa pua.

"Vitoto! Kifaranga ni yule anayemfuata mama yake. Yule anayetaka kuwika sauti ikamkwama ni pora. Yule mwekundu ni mtetea, yuko karibu kutaga. Ng'ombe huzaa ndama, na ndama jike akipevuka ni mtamba. Wa ndege kiotani ni kinda. Kila umri una jina lake. Au kwenu mliviita vyote vitoto mpaka vikaingia chunguni?"

"Na huyu wa ndani, mama, anaitwaje?"

"Huyu ni mtoto," mama alijibu, kwa ukali wa mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

Mshonaji alisogea karibu. Aliona chai ya mama imepoa, akaimwaga, akamimina nyingine ya moto, kisha akakigeuza kikombe ili kishikio chake kielekee vidole vya mama. Mama alikunywa. Hakushukuru.

"Wewe mwenyewe kinda tu, mdomo bado wa njano. Utaweza kumtunza mtu wewe? Maziwa ya moto hanywi."

"Nitampa ya vuguvugu."

"Nyama hatafuni. Meno yanamsumbua."

"Nitamsagia."

"Jua likiwaka avae kofia. Kichwa chenyewe hakina unywele hata mmoja."

"Nimemshonea mbili."

"Mbili!" Mama akasonya. "Moja ya kila sikio?"

Mshonaji alicheka, na kicheko chake hakikuwa na kinyongo. Hilo nalo lilimuudhi mama. Mtu wa kugombana naye angalau unajua pa kumshika.

"Viatu hafungi mwenyewe," aliendelea. "Na usiku huamka kwenda haja. Giza analiogopa, lakini hatakwambia. Atajikwaa, ataumia, atanyamaza."

"Nimeweka vitaa vidogo, mama, kutoka kitandani mpaka chooni. Aliniambia mwenyewe kuwa anaogopa giza."

Mama aliweka kikombe chini.

Siri ile aliijua yeye peke yake. Wala hakuambiwa, aliijua kwa kulala macho, akisikiliza kiganja kikipapasa ukuta wa ukumbini. Kumbe mtoto ameibeba mwenyewe kwa mdomo wake, akampelekea mtu mwingine. Tena mshona vifungo.

"Sikuja kukunyang'anya," mshonaji alisema. "Ni barabara ya pili tu. Mchana atakuwa anakuja kula kwako."

"Na nani atamvusha barabara? Akitembea hatazami magari, anatazama mawingu."

"Mimi. Nitamshika mkono."

Mama alitaka kumcheka na hapo pia, lakini kicheko hakikuja. Aliitazama mikono ya mshonaji. Ncha za vidole zilikuwa na alama za sindano, na mikono yenyewe ilikuwa imetulia mapajani bila haraka yoyote.

"Amesema bila ruhusa yako hatoki chumbani," mshonaji aliongeza kwa sauti ya chini. "Toka asubuhi amekaa kitandani na viatu vyake, anangoja. Ukikataa, mama, nitaondoka, na sitarudi kukusumbua."

Kuku walikuwa wakichakura uani. Nje, dereva alipiga honi, kisha akakoma, kama aliyekatazwa na mtu.

Mama alishika ukuta, akainuka.

"Sikiliza, mshona vifungo. Ukimrudisha hapa na mafua, tutaonana."

"Ndiyo, mama."

"Na sweta lake usilifue kwa maji ya moto. Watu kama nyie mnaharibu vitu."

"Ndiyo, mama."

Akaugeukia mlango wa chumba. Akaugonga mara mbili.

"Haya, mwanangu. Toka. Wanakungoja."

Mlango ukafunguka polepole, na bwana harusi akatoka akiegemea fimbo, upara ukimeta, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri, akamwuliza mama yake kama tai imekaa sawa.