Chungwa Hewani

Mshonaji alifunga kitabu cha fizikia kwa kishindo. "Basi! Kesho siendi kwenye mtihani. Kimo cha juu, masafa ya kitu kilichorushwa, havinikai kichwani. Shule ni ya watoto."

Mumewe alikuwa juu ya ngazi, akipaka rangi ukuta wa ua. Akatoa chungwa mfukoni. "Mama watoto, daka!"

Chungwa lilipanda, likapinda, na pale juu kabisa mshonaji akaona: lilikuwa limeacha kupanda na halijaanza kushuka, lakini bado lilikuwa likimjia yeye.

"Kasi ya wima ni sifuri!" alipiga kelele. "Ya mlalo haijapungua!"

Chungwa likamgonga begani, likabingirika chini.

"Pole, mpenzi! Nimekuumiza?" Mumewe alianza kuteremka mbio.

"Baki hukohuko," alisema mkewe, akiliokota na kumrudishia. "Lirushe tena, taratibu."