Kijitabu cha Bwana Pruitt

Mtego wa chuma niliouficha mwenyewe mtoni na kuufunga kwa mnyororo kwenye mwamba, kuwindia wanyama wa manyoya, ulinifyatukia mguuni. Theluji ilikuwa ikiyeyuka milimani, na maji ambayo asubuhi yaliishia magotini sasa yalinifika kifuani.

"Bwana Pruitt! Njoo unitoe, we ndevu za mbuzi, kabla samaki hawajanifanya kitoweo!"

Pale ukingoni alicheka, akalamba ncha ya penseli, akaandika.

Alitoka New York kuja kukusanya maneno yetu sisi watu wa porini, ayatie katika vitabu vyake vya mashujaa. Wiki tatu nilimpa alichotaka. Nilimwambia nimenyonyeshwa na dubu jike, na nachokoa meno kwa kipande cha radi. Huku kwetu hakuna mtu anayeongea hivyo. Nilipenda tu anavyocheka.

"Nimenaswa mguu! Meno ya mtego yamefika mfupani!"

"Meno kama ya nani? Malizia basi, mzee wangu!"

Nikazama kuupapasa mtego. Springi zake ni mbili, na lazima uzikandamize zote kwa pamoja. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, hata kimoja hakikunitii.

Nikaibuka, maji sasa yakinigusa kidevu. Ndipo nikasema polepole, kwa sauti yangu mwenyewe ambayo hakuwahi kuisikia, "Bwana Pruitt, naogopa."

Penseli ikasimama. Akanitazama, kisha akakunja uso.

"Aa, hapo umeharibu," akasema. "Shujaa haogopi. Hebu anza tena."