Ndiyo, Mheshimiwa

Boga alilipukuta ua la asumini lililonyauka juu ya kibodi, akavaa hedifoni, akamgeukia Beryl, mwenye saiba ile, duka la intaneti la Kona ya Musa.

"Samahani, hapo sijapanguza tangu asubuhi," Beryl alisema.

"Si neno, dada. Wewe funga mlango tu. Na yule asisogee hapa."

"Kwani si ni rafiki yako?"

"Leo si rafiki."

Yule alikuwa Swabir, aliyesimama nje akitafuna miwa. Wote wawili walitaka kusomea sheria, wote wawili alama zao zikaishia mlangoni, wakapelekwa sayansi ya uvuvi. Sasa kitivo cha sheria kilikuwa na nafasi moja tu ya mtu kuhamia, na jopo lilikuwa likiwasaili waombaji kwa video. Swabir alisailiwa asubuhi, kwa simu yake, akatoka anacheka. Zamu ya Boga ilikuwa alasiri hii. Mwakani asingeruhusiwa tena kuomba: angebaki kwa samaki mpaka mwisho.

"Wakili wa changu na tafi!" Swabir alipaza sauti dirishani. "Hebu tughanie utetezi wako, nasi tufaidi!"

"Utausikia mahakamani, siku nitakapokutetea kwa wizi wa miwa!"

Utetezi ule Boga aliutunga mwenyewe, akaupima neno kwa neno kama mtu anayepima mizani ya ubeti, na hakuna shule iliyomfundisha kutunga. Ulikuwa umesikiwa na mtu mmoja tu: mchumba wake, Mwanarusi wa Msambweni, ambaye Boga alijivunia kuwa yuko mwaka wa pili wa sheria katika bewa kuu la chuo, huko jijini.

Ni Mwanarusi aliyemwonyesha njia. Alijua jopo linapenda nini na linachukia nini. Likizo nzima alimweka barazani kwao, akimrudisha mwanzo kila alipojikwaa, midomo yake mwenyewe ikimfuatisha kimya kimya.

"Hebu nawe nihadithie ya darasani kwenu," Boga alimwomba siku moja.

"Likizo ni likizo, bwana," Mwanarusi alijibu, akikiweka sawa kikuba chake cha asumini kifuani. "Rudia pale pa baba. Taratibu. Na uombe zamu ya alasiri; asubuhi wale wazee bado wana usingizi. Tena usimsomee mtu mwingine. Maneno mazuri huibwa."

Kioo kikawaka. Nyuso tatu zikatokea, katikati mama mmoja mwenye miwani, mwenyekiti wa jopo.

"Shikamooni," Boga alisema.

"Marahaba. Tuambie kwa nini tukupe wewe."

Boga akavuta pumzi.

"Baba yangu hakunyang'anywa shamba kwa panga. Alinyang'anywa kwa adabu. Shamba letu la minazi, hapa Diani, lilifika mahakamani. Kesi ikaenda kwa Kiingereza, mkalimani hakuja. Baba hakuelewa hata neno. Lakini yeye alilelewa kwamba mkubwa akikusemesha, unaitika. Basi akaitika. Wakamwuliza kama shamba ni la yule tajiri: 'Ndiyo, mheshimiwa.' Wakamwuliza kama hana la kupinga: 'Ndiyo, mheshimiwa.' Siku ile niliapa kwamba mimi kinywa changu hakitaitika nisichokijua. Hukumu ikasomwa, na baba..."

"Na baba akavua kofia," mwenyekiti alidakia, "akamshukuru hakimu, akaja nyumbani kutuambia tumeshinda."

Ndivyo hasa Boga alivyokuwa akienda kusema.

"Umeyajuaje hayo, mama?"

"Tumeyasikia asubuhi hii hii. Neno kwa neno. Mpaka hicho kiapo chako."

Damu ilimpanda Boga kichwani. Alisimama, kiti kikaanguka, akanyoosha kidole dirishani.

"Ni huyo! Ni Swabir! Tumelala chumba kimoja, tumekula sahani moja, kumbe alikuwa akinitegea sikio usingizini! Mwizi! Hilo shamba ni letu, na huyo mzee ni baba yangu mimi!"

Nje, Swabir aliacha kutafuna. Muwa ulibaki umemning'inia mkononi.

"Keti, kijana," mwenyekiti alisema. "Swabir alitueleza habari za nyavu na sheria za bahari. Hakutaja shamba la mtu."

"Basi ni nani?"

Wajumbe wale walitazamana. Mmoja alitikisa kichwa, kama mtu aliyechoka kudanganywa na vijana. Mwenyekiti akavua miwani, na sauti yake sasa haikuwa na ukali tena, ilikuwa na huruma, ile huruma anayopewa mwongo aliyefumaniwa.

"Ni binti wa mwaka wa pili, anasomea utalii, naye ameomba kuhamia sheria kama wewe. Alilia, nasi tukalia naye. Nafasi tumekwisha kumpa; waliobaki tunawasikiliza kutimiza utaratibu tu. Sasa sema kweli, mwanangu, kabla sijakuandikia kosa: huyo mzee ni babake Mwanarusi, sivyo?"