Kushoto Tu, Hutokufa

Khelef aliposikia mlio wa kwato mbele yake ndipo alipojua kuwa hakuikosea njia. Mzee kweli alishika barabara ya Al Mintirib, na jua lilikuwa limeshapanda, saa za malori hizo.

Aliogopa. Tuseme kweli, aliogopa sana.

Asubuhi ile alipokwenda kumwamkia baba yake alikuta kitanda kimetandikwa, mto haujalaliwa. Akaita uani, kimya. Alipofika langoni akageuka kutazama, banda la kazi lilikuwa tupu. Milango wazi, zizi halina farasi, na pale lilipokaa gari la farasi miaka mitatu pamebaki makopo ya vanishi na alama za magurudumu mchangani. Funguo za motokaa, binti yake Ibtihal alizificha tangu Shaabani, kusahausahau kulipoanza mle nyumbani. Khelef hakupoteza wakati kuzitafuta. Alikwenda hivyo hivyo.

Na gari lenyewe si mchezo. Alilipata mifupa mitupu, limetupwa shambani huko Ibra. Akachonga njiti za magurudumu moja moja, akashona ngozi ya viti, akalipaka kijani kama lile alilokuwa akiendesha baba yake Unguja, kutoka Forodhani mpaka Mnazi Mmoja. Lililobaki ni breki. Ibtihal alishasema Alkhamisi, mkono kiunoni: "Farasi asifungwe mpaka breki iwe tayari. Mie sitaki maiti nyumbani."

Lakini si breki iliyomtia hofu hasa. Unguja gari hupita kushoto. Huku Oman hupita kulia. Na mtu aliyeshika hatamu tangu ujana wake, akili ikimpotea, mikono haipotei. Mikono itampeleka kushoto, usoni pa malori. Khelef mwenyewe, utotoni, alikuwa akikaa ubavuni mwa baba yake na kila njia panda akiambiwa maneno hayo hayo: "Kushoto, mwanangu. Kushoto tu, hutokufa."

Upepo ukamvua kofia. Hakurudi kuiokota.

Lori la kwanza liliwasha taa zote, likapiga honi ndefu, likayumba, likapita. Khelef akamshukuru dereva moyoni. Kamwona mzee, huyo, anaonya watu. La pili likafanya vile vile. Bwana mmoja wa pikapu akatoa kichwa dirishani, uso umemwiva kwa hasira, akapiga kelele kwa Kiarabu: "Kulia, ya haji, kulia!"

Anamwambia baba, alijisemea Khelef. Na masikini baba hasikii tena.

Njia ikainama kuteremkia wadini, bonde la mto mkavu. Kwato zikazidi mbio. Kutoka chini lilikuwa linapanda lori la maji, kubwa, limejaa upande wake wote wa barabara, upande ule ule wa kushoto. Khelef alikaza mikono mpaka ikamuuma. Akaita, "Baba, simama!" Basi akaanza kumsomea shahada, maana aliona mauti ya mzee wake yanakuja wazi wazi na hana la kufanya.

Lori likatoka nje ya lami, likapita kokotoni kwa vumbi tele. Ng'ambo ya wadi, njia ilipoanza kupanda, mlio wa kwato ukapungua, kisha ukanyamaza.

Motokaa nyeupe ikampita, ikasimama mbele yake. Ibtihal akashuka bila viatu, mtandio umeangukia shingoni, macho mekundu kwa kulia.

"Umemwona babu yako?" Khelef alimuuliza. "Yuko hapo mbele. Kashika kushoto. Atauliwa, mwanangu, mkimbilie."

Ibtihal hakutazama mbele. Alimshika farasi usoni mpaka akatulia, kisha akapanda gari la kijani, akakaa ubavuni mwa baba yake.

"Babu kafa mie sijazaliwa," alisema polepole. "Nipe hatamu, baba." Akaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja.