Hapa Hulali

Kicheko kilianzia kwa wazee wa mbele, kikapita viti vyote vya kgotla, baraza la kijiji, mpaka kikawafikia wanawake waliokaa nyuma kabisa.

"Rudia hapo, Oteng," alisema chifu huku akijifuta machozi. "Mkeo kakufanya nini?"

"Kanimwagia maji ya moto, mheshimiwa. Nilikuwa nimekaa nakula."

"Sethunya? Yule mwembamba?"

"Huyo huyo."

"Na wewe ulikuwa unangoja yapoe?"

Watu wakaangua kicheko upya. Oteng alikuwa fundi wa pampu za visima, jitu la miraba minne, na mwili wake ndio uliomponza. Nani angeamini? Alianza kufungua vifungo awaonyeshe bega lilivyobabuka, na mtu mmoja akapaza sauti: "Usivue, kaka, wake zetu wako hapa!" Chifu akainua mkono kuwanyamazisha, naye mwenyewe bado anacheka. Hukumu yake ilikuwa fupi. Oteng arudi nyumbani akajifunze kuwa mume.

Oteng alimtafuta baba yake kwa macho. Katika baraza zima, mzee Mokwadi peke yake hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama anatazama viatu vyake. Nimemwaibisha, Oteng aliwaza. Afadhali angecheka na wenzake.

Waliondoka pamoja, mzee mbele, mwana nyuma. Mzee Mokwadi alikuwa amefanya kazi migodini ujana wake wote, na tangu astaafu aliishi porini kwenye kambi ya ng'ombe wake. Nyumbani alionekana tu kukiwa na msiba, au jambo zito kama la leo. Watu walisema anapenda ng'ombe kuliko binadamu. Oteng alikua akiamini hivyo hivyo.

Mama Oteng aliwapokea mlangoni. Huyu ndiye aliyeongoza akina mama wa kanisa, mwenye sauti ya kumnyamazisha mtoto mchanga. Alimkalisha mwanawe jikoni, akamvua shati taratibu, akaliosha bega kwa maji ya chumvi.

"Pole, mwanangu. Pole, baba. Ona alivyokuharibu."

Oteng aliuma meno. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu siku ile, mtu kumgusa kwa huruma.

"Lakini ulimfanya nini?" mama aliuliza, akimfunga kitambaa safi. "Mtu haadhibiwi bure."

"Sikumfanya kitu, mama. Nilichelewa tu kurudi. Gari liliharibika njiani."

"Basi ndiyo hiyo," alisema kwa upole. "Haidhuru. Utakaa hapa kwetu mpaka upone. Chumba chako kipo, nitakutandikia."

"Hapa halali," mzee Mokwadi alisema kutoka mlangoni.

Wote wawili wakamgeukia. Hakuwa ameingia. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, kama mgeni aliyekuja kuulizia njia.

"Baba?"

"Hapa hulali, Oteng. Basi la Palapye linapita jioni. Panda, utafute kazi huko, ukae huko huko. Na kama hutaki basi, twende kwa ng'ombe."

"Nikalale na ng'ombe?"

"Ng'ombe hawana neno."

Mama Oteng akacheka kidogo. "Mwache huyo. Uzee huo."

Oteng alisimama. Alichokivumilia pale barazani, mbele ya kijiji kizima, sasa kilimtoka.

"Sema tu unanionea haya, baba! Wale wamenicheka, wamemaliza. Wewe unanifukuza kabisa! Nimerudi nyumbani kwetu, basi, sina kwingine. Nilidhani hata kama hunipendi, mlango hutanifungia."

"Sijasema sikupendi."

"Hujawahi kusema chochote!" Sauti yake ikakatika. "Wewe hujui, baba. Hujui inavyokuwa kufika mlangoni kwako mwenyewe, ukasimama kwanza kusikiliza, ujue leo ana hali gani. Kuvuta pumzi ndipo uingie. Kulala jicho moja wazi. Ukisema, wanakucheka. Ukinyamaza, anaongeza. Mwanaume kama wewe atayajulia wapi hayo?"

 Mzee Mokwadi alimtazama mkewe, kisha mwanawe. Alizungusha kofia mikononi, halafu, kama mtu aliyeshindwa mzigo, akaingia jikoni, akaketi kwenye kigoda kando ya jiko.

"Haya, yameisha," alisema Mama Oteng. "Baba na mwana hawagombani mbele ya chungu. Tunywe chai kwanza."

Alipanga vikombe vitatu mezani. Alikata mkate mnene, akampa Oteng kipande kikubwa, akampapasa shavu. Oteng alijifuta uso kwa kiganja, akaona aibu kwa maneno yake makali. Alimtazama mzee pale kigodani, mabega yameshuka, akataka kumwomba radhi. Hakujua aanzie wapi. Hawakuwahi kuzungumza, yeye na baba yake.

Chai ikachemka. Mama Oteng akapita nyuma ya mumewe, akainua mkono kuchukua kopo la sukari kwenye rafu iliyokuwa juu ya kichwa cha mzee.

Mzee Mokwadi alijikunja pale pale, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akangoja.

"Shusha mikono, mzee," Mama Oteng alisema kwa sauti yake ileile ya upole. "Mtoto anakuona."