Picha ya Babake

Hafsa alimwinua mwanawe mbele ya picha ya kuchorwa kwa rangi iliyotundikwa ukutani mwa makumbusho.

"Nani huyu, mwanangu?"

Mtoto akamtazama mlinzi aliyesimama kando.

Mlinzi, mzee wa makamo, alizitazama nguo za kufiwa alizovaa Hafsa, akashusha sauti. "Binti, wewe si uko edani?"

"Nimetoroka, mzee wangu. Nistahimilie kidogo tu."

Simu yenye picha zote za mumewe iliungua naye ndani ya lori. Ilibaki hii moja, aliyochorwa na jirani yao wa Makorora, na kovu lake la nyusini limo. Angengoja eda iishe, lakini mtoto alikwisha kuacha kumuulizia babake.

Akamteremsha. "Mtazame vizuri. Nani?"

Baba alipokuwa hai, mtoto alimrukia pale pale mlangoni, akamtia mikono mifukoni kutafuta ubuyu. Hakuwahi kumwamkia. Kuamkia kulikuwa kwa wageni.

Sasa alijibanza kwenye nguo za mamake, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Chikamoo," akaiambia picha.

Akangoja. Kisha akamtazama mamake, maana yule mgeni hakuitikia.